Fahamu Elektraidi: Mawe Ambayo Elektroni Zake Zinalala Koridoni, na Venye Karungu Inaingia kwa Hii Story

Ka umewahi fika Sori, pale Karungu Bay upande wa Migori, unajua venye kunakaa. Omena imeanikwa kwa nyavu, jua ni la kuchoma, na ukiangalia kaskazini unaona milima ya Gwassi imesimama tu. Wasee wengi hupiga hizo milima picha wanaweka status, story inaishia hapo. Lakini hiyo ni volkano. Ni mabaki ya volkano mzee inaitwa Kisingiri, na katikati yake kuna kilima cha Rangwa. Ukisonga zaidi upande wa Homa Bay unapata Ruri na Homa Mountain.

Hizi milima zina mwamba flani rare sana duniani, unaitwa kabonataiti. Lava ya kawaida huwa imejaa silika, ile kitu ya mchanga na glasi. Kabonataiti ilitoka chini ikiwa imejaa kabonati, kumaanisha kalsiamu ni mob, na ndani yake kuna yale madini adimu yenye kila nchi inayatafuta: lanthanamu, seriamu, neodimiamu, na kidogo kidogo itriamu na gadoliniamu.

Sasa shika hayo majina matatu: kalsiamu, itriamu, gadoliniamu. Ongeza lanthanamu juu. Hao ndio mastaa wa kitu inaitwa elektraidi ya pande mbili, na wanafizikia wa Japani na Korea Kusini wamekuwa wakiicheki kwa miaka zaidi ya kumi ju inafanya vituko viwili: inakuwa sumaku kwa njia ya ajabu, na elektroni zake zinajifunga fundo lenye halifunguki. Wacha tuivunje polepole.

Elektraidi ni nini hasa?

Rudi kwa chemistry ya form two. Chumvi ya jikoni: sodiamu inatoa elektroni moja, klorini inaichukua, wote wanabaki wamesort. Kila elektroni iko na mwenyewe. Kitu chochote chenye kimechukua elektroni ya ziada kinaitwa anioni.

Elektraidi inavunja hiyo sheria. Elektroni inatolewa na atomu yake, halafu hakuna mtu wa kuichukua. Inabaki kwa nafasi tupu kati ya atomu, na inaanza kuact kama yeye mwenyewe ndiye anioni. Fikiria plot ya Kayole yenye kila mtu ana nyumba yake, lakini kuna msee mmoja hana nyumba, analala koridoni, na bado caretaker anamhesabu kama tenant. Huyo ndio elektroni ya elektraidi.

Wa kwanza kutengeneza fuwele ya hii kitu walikuwa timu ya James Dye huko Michigan State University, Marekani, mwaka wa 1983. Shida ilikuwa moja: hiyo kitu ilihitaji baridi kali. Ikipata joto la kawaida inaharibika, kwisha.

Mwaka wa 2003 ndio mambo yalibadilika. Hideo Hosono na timu yake pale Tokyo Institute of Technology walichukua mayenaiti, kitu ya kalsiamu, aluminiamu na oksijeni ambayo hata hupatikana kwa aina flani ya simiti, wakatoa oksijeni flani kutoka kwa vyumba vyake vidogo, na elektroni zikabaki mle ndani. Hiyo ilikuwa stable kwa joto la kawaida. Simiti, manze! Simiti inayopitisha stima.

Lakini kwa mayenaiti elektroni zimefungiwa kwa vyumba vidogo vidogo. Koridoni kwenyewe tulifika 2013, wakati Hosono, Sung Wng Kim na wenzao walionyesha kwamba nitraidi ya kalsiamu, Ca2N, ni elektraidi ya pande mbili. Hesabu yake unaweza fanya kwa vidole. Kalsiamu mbili zinatoa elektroni mbili mbili, jumla nne. Naitrojeni inachukua tatu. Imebaki moja. Hiyo moja inaenda wapi? Ca2N imepangwa kama mkate wa slesi: kalsiamu, naitrojeni, kalsiamu, halafu nafasi, halafu slesi ingine. Ile elektroni inaingia kwa nafasi kati ya slesi na slesi, na inatembea hapo kwa uwanja flat, kushoto kulia mbele nyuma, bila kuguswa na atomu sana. Ndio maana inaitwa ya pande mbili.

Na si elektroni chache. Kwa sentimita moja ya mchemraba ya Ca2N kuna zaidi ya 10,000,000,000,000,000,000,000. Hizo ni sufuri 22, nimezihesabu mara mbili.

Sumaku yenye haitoki kwa atomu

Hapa ndio utamu unaanza. Kila elektroni ni kasumaku kadogo. Ina kitu inaitwa spini, ichukulie kama mshale wenye unaangalia juu ama chini. Kwa vitu vingi elektroni zinakaa mbili mbili, moja juu moja chini, zinafutana. Ndio maana sufuria yako ya aluminiamu haishiki kwa friji. Chuma inashika ju ina elektroni zenye hazijapata wa kufutana naye, na hizo zikikubaliana kuangalia upande mmoja, umepata sumaku.

Kawaida hizo elektroni za sumaku ziko ndani ya atomu. Swali la wanafizikia likawa: na zile za koridoni je? Msee asiye na nyumba anaweza kuwa sumaku pekee yake?

Jibu linategemea vile amebanwa. Kwa Ca2N elektroni zimetawanyika free sana, zinateleza kama maji, kwa hivyo hakuna sumaku. Ukienda kwa Y2C, kabaidi ya itriamu, hesabu inabadilika: itriamu mbili zinatoa sita, kaboni inachukua nne, zinabaki karibu mbili. Hizi za Y2C zimejikusanya kwa sehemu flani flani za koridoni badala ya kutawanyika, na zikijikusanya hivyo zinaanza kubehave kama atomu yenye haina kiini. Wataalamu wanasema ni nusu atomu hivi. Y2C iko pale pale mpakani: si sumaku kamili, lakini ukiisukuma kidogo, hesabu zinasema itageuka.

Halafu kuna Gd2C. Huyu ndio noma. Gadoliniamu yenyewe ina elektroni saba ndani kabisa zenye hazijapata wa kufutana nazo, kwa hivyo kila atomu ni sumaku nzito. Shida ya gadoliniamu tupu ni joto: ikipita nyuzi 20 hivi, ile mishale yote inachanganyikiwa na usumaku unaisha. Chukua kipande cha gadoliniamu uende nacho Sori saa sita mchana, nyuzi ni kama 30, na huna sumaku tena. Una chuma ghali tu mkononi.

Sasa weka kaboni, itengeneze Gd2C. Usumaku unaendelea mpaka karibu nyuzi 77. Yaani umeongeza kaboni, kitu chenye si sumaku kabisa, na sumaku imekuwa ngumu zaidi. Aje?

Mwaka wa 2020 timu ya Korea Kusini, Sung Wng Kim akiwa ndani tena, ilionyesha kwamba zile elektroni za koridoni nazo ni sumaku. Zimekaa kati ya slesi, zimegeuza mishale yao upande mmoja, na zinapitisha message kutoka gadoliniamu ya upande huu hadi ya upande ule. Kila mtu kwa plot anaskia maneno kupitia yule msee wa koridoni. Bila yeye, kila nyumba iko kivyake.

Nimesoma vitu mob kuhusu sumaku, na bado hii ndio inanishangaza zaidi: nafasi tupu, mahali hakuna atomu hata moja, ndiyo inashikilia sumaku pamoja.

Topolojia: fundo la wavu

Hili neno linaogopesha watu bure. Mandazi ya kawaida haina shimo. Donati ina shimo. Unaweza kufinya mandazi vile unataka, uifanye ndefu, uifanye flat, lakini haiwezi kuwa donati mpaka uitoboe. Topolojia ni hesabu ya vitu vyenye havibadiliki ukifinya. Ama angalia wavu wa mvuvi: uvute, ukunje, utupe kwa boti, mafundo yako pale pale. Kulitoa fundo bila kufuata njia yake lazima ukate.

Elektroni ndani ya fuwele pia zina mpangilio, na huo mpangilio unaweza kuwa na fundo. Hii idea ndiyo ilipatia David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz Nobel ya fizikia mwaka wa 2016. Matokeo yake ni hivi: ukiwa na kitu chenye fundo ndani, halafu nje kuna hewa yenye haina fundo, hapo mpakani lazima kitu kivunjike. Chenye kinavunjika ni ule ukuta wa kuzuia stima. Kwa hivyo katikati inaweza kuwa haipitishi stima kabisa, lakini ukingoni inapita tu, na uchafu mdogo wa fuwele hauisumbui.

Fundo linafungwa aje? Elektroni ziko kwa ngazi za nishati. Ngazi zingine zimejaa, zingine ni tupu. Ikitokea ngazi yenye ilifaa kuwa chini imepanda juu na ya juu ikashuka, zikapishana, fundo linaweza kujifunga hapo. Kwa vitu vingi hii ni kazi ngumu, inataka atomu nzito sana kama bismathi kuzisukuma.

Lakini elektraidi ina shortcut. Elektroni ya koridoni haijashikwa na kiini chochote, kwa hivyo nishati yake iko juu tayari, karibu kabisa na mpaka wa zilizojaa na tupu. Haihitaji kusukumwa sana ndio ipishane na za atomu. Motoaki Hirayama, Satoru Matsuishi, Hosono na Shuichi Murakami waliandika hii mwaka wa 2018, na wakataja majina. Y2C, yule wa mpakani wa sumaku, ana sehemu zenye ngazi mbili zinagusana kwa mstari mzima. HfBr, bromaidi ya hafniamu, slesi yake moja inafaa kubeba stima ukingoni kwa njia mbili, spini za juu zikienda huku na za chini zikirudi. Na LaBr, bromaidi ya lanthanamu, ndio imechanganya kila kitu.

LaBr ina sumaku na fundo pamoja. Ukipata hizo mbili kwa kitu kimoja, stima inazunguka ukingoni upande mmoja tu, kama barabara ya one way, bila kupoteza nguvu, na bila kuwekewa sumaku ya nje. Hii hali ilionekana mara ya kwanza kwa maabara mwaka wa 2013 huko Uchina, timu ya Xue Qikun, kwa kitu tofauti kabisa cha bismathi, antimoni na teluriamu iliyotiwa kromiamu. Lakini ilibidi waishushe hadi sehemu ndogo ya nyuzi moja juu ya sufuri kabisa. Hakuna simu itakaa na friji ya aina hiyo. Ndio maana kila mtu anatafuta kitu chenye sumaku yake haifi kwa joto na fundo lake liko ndani tayari. Gd2C imeingia kwa hiyo list pia: hesabu za 2020 zilionyesha ngazi zake zinagusana kwa nukta, zile wanaziita nukta za Weyl.

Hapa lazima tuseme ukweli. Usumaku wa Gd2C umepimwa kwa maabara. Mafundo ya LaBr na HfBr ni hesabu za kompyuta. Ukiona mtu TikTok anakuambia simu ya elektraidi inakuja mwaka ujao, muulize ameiona wapi.

Mbona haiko kwa duka?

Hewa. Yule msee wa koridoni anataka nyumba sana, na oksijeni na maji wako na nyumba nyingi. Weka Ca2N nje, unyevu wa hewa unaivamia, elektroni zinachukuliwa na umebaki na unga tu. Wanaoitengeneza wanafanyia kazi ndani ya boksi la glasi lenye limejazwa agoni, mikono imeingizwa kwa glavu ndefu. Sasa fikiria uifungue kando ya ziwa, Karungu, na ule unyevu wa asubuhi.

Kuna njia. Mwaka wa 2016 watafiti wa North Carolina, Marekani, waliweza kubandua Ca2N ikiwa ndani ya kioevu ikawa vipande vyembamba sana. Na 2020 ikatoka Hf2S, salfaidi ya hafniamu, yenye inajivisha ngozi nyembamba yenyewe na inavumilia maji na hata asidi. Hiyo ilifungua macho ya wengi. Tena hio tabia ya kutaka kugawa elektroni, yenye ni shida kwa hewa, ni faida kwa kiwanda: tangu 2012 elektraidi ya mayenaiti imetumiwa kusaidia kuvunja naitrojeni ya hewa ndio itengenezwe amonia, ambayo ndiyo mama ya mbolea.

Sasa Karungu tuko wapi?

Karungu imezoea wageni wa sayansi. Mwaka wa 1911 mjiolojia Felix Oswald alikuja kuchimba hapo kwa niaba ya British Museum, na mwaka huo huo ukoo wa ndovu wa zamani mwenye pembe za kuangalia chini alipewa jina kutokana na mifupa ya Karungu. Hiyo mifupa ilihifadhika vizuri ju ya jivu la Kisingiri, lenye limejaa kalsiamu. Mifupa ilienda London.

Kwa madini, usidanganywe na mtu yeyote anayekuja na suti. Ni ukweli kabonataiti ndiyo mwamba wa madini adimu. Lakini kabonataiti huwa na yale mepesi zaidi: seriamu, lanthanamu, neodimiamu. Gadoliniamu, yule staa wa sumaku, huwa kidogo sana hapo. Lanthanamu ya LaBr iko afadhali. Kuyatenga ndio kazi, ju kikemia yanafanana kama mapacha, na kiwanda cha kuyatenga ni ghali kuliko mgodi wenyewe.

Na kuna thoriamu. Inakaa kwa mwamba huo huo, na inatoa mnururisho. Sehemu za Ruri kule Homa Bay zimepimwa na kupatikana na mnururisho wa asili ulio juu ya kawaida, na watu hujenga nyumba kwa udongo na mawe ya hapo. Ukichimba na kusaga mwamba kama huo bila mpango, vumbi litaingia kwa mapafu ya mtu, na haitakuwa ya yule wa suti.

Mrima Hill kule Kwale tayari tuliona sinema. 2013 kampuni ya Cortec ikasema kilima kina madini ya zaidi ya dola bilioni 60, mwaka huo huo serikali ikafuta leseni, kesi ikaenda hadi mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na 2018 kampuni ikapoteza. Kilima bado kiko hapo.

Lakini elektraidi ina mlango mwingine wenye hauhitaji jembe. Angalia vile zilivyogunduliwa: mara mingi kompyuta inatangulia, maabara inafuata. Na hiyo kazi ya kompyuta iko Kenya. Shule ya Afrika ya kufundisha hizi hesabu, ASESMA, ilifanyika Eldoret mwaka wa 2012. Chuo Kikuu cha Eldoret na Technical University of Kenya zimekuwa na vikundi vya watu wanaofanya hesabu za aina hii, na programu yenyewe, Quantum ESPRESSO, ni ya bure. Unaidownload tu, inataka Linux. Kazi ikizidi lapi, watafiti wengi wa huku huomba muda kwa kompyuta kubwa ya CHPC, Cape Town.

Na hapa ndio elektraidi ni rahisi kuliko unavyodhani. Kipande kidogo kabisa cha Ca2N chenye kinajirudia rudia kina atomu tatu peke yake. Tatu! Lapi ya kawaida ya mwanafunzi inakimaliza. Unapanga atomu, unaambia kompyuta itafute elektroni zimekaa wapi, halafu unachora ramani yenye inaonyesha mahali zimejikusanya. Ukiona rangi imekolea pale kati ya slesi, mahali hakuna atomu, umeiona elektraidi kwa macho yako. Ukitaka sumaku, unawasha spini na unarudia. Ukitaka fundo, unachora ngazi na unaangalia ni wapi zimepishana.

Ushauri tu: anza na Ca2N, ju haina sumaku ya kukusumbua. Y2C iwe ya pili. Gd2C achia mwisho, zile elektroni saba za ndani zinahitaji marekebisho maalum kwa hesabu, na ukiyasahau kompyuta itakupatia jibu safi kabisa, lenye ni uongo.